Mita ya mshale, mita ya dijitali, kipima vipuri au Megger: kipi kimfae fundi wa redio za zamani?

Mtu anayetaka kufufua redio ya Philips inayotumia valvu (taa za kioo zilizofanya kazi ya transista kabla haijaenea), au redio ndogo ya transista ya National ya miaka ya 1960, huanza kujiuliza mapema anunue kifaa gani cha kupimia. Madukani kuna mita za mshale za aina ya YX-360 ambazo mafundi wengi wamezizoea, kuna multimita za dijitali za kila bei, kuna vipima vipuri vidogo vyenye kioo na soketi ya miguu mitatu, kuna mita za ESR, yaani za kupima ukinzani wa ndani wa kapasita za elektroliti, na kuna vipima insulesheni, vinavyopima uvujaji kwa volti nyingi, ambavyo mafundi wa umeme wa majumbani huviita Megger. Wauzaji huvipanga kwa wingi wa kazi vinazofanya. Mimi naona kipimo hicho hakimsaidii fundi wa vitu vya zamani. Kipuri kilichokaa miaka 60 huharibika kwa namna inayojulikana: kapasita ya karatasi huvuja inapopewa volti nyingi, transista ya gerimani huvuja inapopata joto, kapasita ya elektroliti hukauka, na rezista ya kaboni hupanda ukinzani. Kifaa kinachofaa ni kile kinachoweza kuuona ubaya huo, hata kama kazi zake ni chache.

Kabla ya kupima: kukijua kipuri

Hakuna kifaa kinachozidi macho yanayojua kusoma alama. Transista za mwanzo za Ulaya, kama OC44, OC45 na OC71 za Mullard na Philips, zilipewa majina kwa utaratibu uliorithiwa kutoka kwenye valvu: herufi O ilimaanisha kwamba hakuna filamenti ya kupashwa moto, C ikamaanisha transista, na A ikamaanisha dayodi, kama ilivyo kwenye OA81. Baadaye ukaja utaratibu wa Pro Electron, shirika lililoanzishwa Brussels mwaka 1966, ambamo herufi ya kwanza hutaja kitu chenyewe, A kwa gerimani na B kwa silikoni, na ya pili hutaja kazi, C kwa transista ndogo ya sauti, D kwa transista kubwa ya sauti, F kwa transista ndogo ya masafa ya redio. Kwa hiyo AC128 ni gerimani ya sauti na BF194 ni silikoni ya masafa ya redio, na mtu anayelijua hilo amekwisha kujua asubiri nini kwenye mita kabla hajaiwasha. Wajapani walifuata njia nyingine: 2SA na 2SB ni za PNP, 2SC na 2SD ni za NPN (aina mbili za transista ambazo mkondo wake hupita kwa mielekeo iliyo kinyume), na herufi hizo hazisemi lolote kuhusu gerimani wala silikoni. Kwa sababu hiyo transista ya 2SB kutoka redio ya Kijapani ni lazima ipimwe hata kama alama yake inasomeka vizuri.

Valvu za Ulaya zinajieleza zaidi. Herufi ya kwanza ni ya filamenti: E ni volti 6.3, D ni filamenti ya betri ya volti 1.4 au chini yake, U ni mkondo wa miliampea 100 kwa redio ambazo filamenti zake zimeunganishwa kwa mfululizo. Herufi U inamtaka fundi ajihadhari kabla ya jambo lolote jingine, kwa kuwa redio nyingi za valvu za U hazina transfoma ya kutenganisha na umeme wa ukutani, na chasisi yake inaweza kuwa na umeme kamili. Redio ya namna hiyo haipimwi ikiwa imewashwa bila transfoma ya kutenganisha, hata mita iwe ya thamani gani.

Alama zinapokuwa zimefutika, kipima vipuri huwapita wenzake wote. Kifaa hiki kinatokana na mradi wa Mjerumani Markus Frejek, ulioendelezwa na Karl-Heinz Kübbeler, na toleo linalouzwa kwa wingi hutumia chipu ya ATmega328. Unachomeka miguu mitatu bila kujali mpangilio, unabonyeza kitufe, na kioo kinakuchorea kama ni PNP au NPN, kikitaja besi, kolekta na emita, yaani majina ya miguu hiyo mitatu. Multimita ya dijitali hulifanya jambo hilo pia, lakini kwa vipimo vya dayodi unavyovirudia kwa kila jozi ya miguu, na bado unabaki kukisia kolekta na emita. Ndani ya kopo la transista mchanganyiko zisizo na majina, kipima vipuri kinaokoa saa nzima.

Kapasita, mahali ambapo vifaa vingi hudanganya

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa sababu uharibifu mwingi wa redio za valvu huanzia kwenye kapasita moja ndogo, ile inayopitisha sauti kutoka anodi ya valvu ya kwanza ya sauti kwenda gridi ya valvu ya mwisho. Kwa kawaida ni ya 0.01 µF (mikrofaradi) hivi, na katika redio za zamani imetengenezwa kwa karatasi iliyofunikwa nta au plastiki. Karatasi hunywa unyevu, na hewa ya Tanga au Mombasa haiionei huruma.

Tuchukue mfano wa EL84, valvu ya mwisho inayoendesha spika. Upande mmoja wa kapasita una volti 200, na upande wa pili una gridi yenye rezista ya kilohm 470 kwenda chasisi. Kapasita ikiwa imevuja hadi kuwa kama rezista ya megaohm 10, gridi itapata takriban volti 9 chanya. EL84 katika redio ya kawaida hufanya kazi gridi yake ikiwa karibu volti 7 chini ya kathodi, kwa hiyo volti hizo 9 zinaufuta ulinzi wote, mkondo unapanda, anodi inageuka nyekundu, na baada ya muda transfoma ya spika inaungua. Valvu inaweza kupatikana tena, lakini transfoma ya asili ya redio hiyo hupatikana kwa taabu.

Sasa tuipime kapasita hiyo kwa kila kifaa. Kipima vipuri hutumia volti zisizozidi 5, na kitakuonyesha 0.012 µF au 0.014 µF, namba ambayo mtu asiyejua huifurahia na kusema kwamba kapasita imezidi hata thamani yake. Ukweli ni kwamba kapasita ya karatasi inayosoma juu ya thamani yake ni ya kushukiwa, kwani uvujaji wenyewe humfanya mpimaji aone ukubwa usiokuwapo. Multimita ya dijitali kwenye kiwango cha kapasita hufanya kosa lilelile, na kwenye kiwango cha ohm inatumia volti chache sana hivi kwamba huenda isione chochote. Mita ya mshale kwenye kiwango cha ×10k ina betri ya volti 9 au zaidi kidogo, nayo inaona uvujaji mkubwa tu: mshale unaruka kidogo, kisha usiporudi mwisho wa kipimo, kapasita ni ya kutupa, lakini ukirudi haujathibitisha kwamba ni nzima. Mita ya ESR haihusiki hapa kabisa.

Kifaa kinachosema kweli ni Megger kwenye kiwango cha volti 250, mradi kapasita iwe imeandikwa volti zaidi ya hizo na iwe imetolewa mguu mmoja kutoka kwenye saketi. Kapasita nzuri ya poliesta huonyesha mamia ya megaohm au kupita upeo wa mita. Ya karatasi ikionyesha megaohm 20, uamuzi umekwisha kutolewa. Megger kwenye volti 1,000 isitumiwe kwa kazi hii, kwa maana itatoboa kapasita ambayo ingeweza kuendelea kuishi.

Lakini simshauri kila mtu anunue Megger, kwa sababu ipo njia nyingine ya kweli inayohitaji multimita ya dijitali pekee. Multimita nyingi za dijitali zina ukinzani wa ndani wa megaohm 10 kwenye volti za DC. Redio ikiwa imezimwa na kapasita zake kubwa zimemwagwa chaji, legeza lehemu ya mguu wa kapasita ulio upande wa gridi, unganisha waya mwekundu wa mita kwenye mguu huo na waya mweusi kwenye chasisi, kisha washa redio bila kugusa kitu. Subiri valvu zipate moto. Kila volti 1 inayoonekana kwenye mita ni mkondo wa mikroampea 0.1 unaopita ndani ya kapasita. Ukisoma volti 0.2, kapasita ni nzuri sana. Ukisoma volti 10 wakati anodi ina volti 200, ukinzani wa kapasita ni megaohm 190, na mimi ningeibadilisha. Ukisoma volti 100, ukinzani wake ni megaohm 10 zilezile za mfano wetu, na umeipata sababu ya redio kuungua. Hapa kapasita imepimwa kwa volti zake halisi, ndani ya joto lake halisi, jambo ambalo hata Megger haifanyi.

Si kapasita zote za zamani zinazohitaji mashaka haya. Zile za Mullard za rangi ya haradali, na zile za Philips za poliesta zenye mistari ya rangi ambazo wakusanyaji huziita samaki wa tropiki, kwa kawaida bado ni nzima, na kuzing'oa kwa mazoea ni kuiharibu redio. Kwa upande wa pili, kapasita za Hunts zenye ganda jeusi lililopasuka sizipimi kabisa, nazibadilisha.

Kwa kapasita za elektroliti mizani inageuka. Ubaya wake wa kwanza ni kukauka, na kukauka huonekana kwenye ukinzani wa ndani, yaani ESR, kabla hakujaonekana kwenye ukubwa wa kapasita. Mita ya ESR, ambayo mafundi wengi waliifahamu kupitia muundo wa Bob Parker uliochapishwa Australia mwaka 1996, hupima kwa volti ndogo sana zisizoamsha transista wala dayodi, kwa hiyo inaweza kupima kapasita ikiwa bado imelehemiwa kwenye bodi. Katika redio ya transista yenye elektroliti nane au kumi, unazipitia zote kwa dakika chache. Kapasita ya 100 µF ikionyesha chini ya ohm 1, iache. Ikionyesha ohm 10 au 15, ndiyo inayoifanya redio ivume au itoe sauti ndogo. Kipima vipuri nacho hutoa ESR, na namba zake zinatosha, ila ni lazima kapasita itolewe kwanza, na ikiwa ina chaji itaiua chipu papo hapo. Kapasita ya 100 µF yenye volti 300 imebeba joule 4.5, kiasi kinachotosha kuua kifaa na kumuumiza mtu vibaya. Imwage kwa rezista ya ohm 2,200 yenye wati 5, kisha uhakikishe kwa voltimita. Kumwaga kwa bisibisi ni kujitafutia jeraha.

Mita ya ESR ina kasoro moja ambayo ni lazima itajwe: kapasita iliyoshikana ndani kabisa huonyesha karibu sifuri, na sifuri kwenye mita hiyo huonekana kama afya njema. Ndiyo sababu kipimo cha ohm hakiachwi kamwe kando yake. Vilevile haioni uvujaji wa elektroliti za volti nyingi zilizokaa miaka bila umeme, ambazo utando wake wa oksidi umedhoofika. Hizo huamshwa polepole kwa kupewa volti kidogo kidogo kupitia rezista, huku mkondo wake ukitazamwa kwa miliampea.

Transista za gerimani na joto letu

Mita nyingi za dijitali zina soketi ya kupima ukuzaji wa transista, na wengi huiamini. Kwa silikoni inafaa. Kwa gerimani hudanganya kwa upande mmoja tu, nao ni kuisifu transista mbovu, kwa sababu mita huhesabu mkondo unaovuja kana kwamba ni mkondo uliokuzwa. Kipima vipuri kina shida hiyohiyo: matoleo mengine huonyesha mkondo wa uvujaji kando na mengine hayaonyeshi, na transista inayovuja sana wakati mwingine hutambuliwa kwa jina lisilo lake.

Uvujaji wa gerimani huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Vitabu vya watengenezaji viliandikwa kwa nyuzi 25, na karakana ya Dar es Salaam mwezi Februari iko juu ya nyuzi 30, kwa hiyo fundi wa pwani asishangae kuona namba kubwa kuliko za kitabu. Hata kuishika transista kwa vidole huisogeza: weka OC71 kwenye saketi ya majaribio, ishike kwa vidole viwili, na utaona volti zinapanda mbele ya macho yako, kisha zinashuka taratibu ukiiachia. Rangi yake nyeusi ikiwa imebanduka, mwanga nao unaongeza uvujaji, kwani ndani ni kioo.

Njia ninayoiamini haihitaji kifaa cha kununua zaidi ya multimita ya dijitali. Chukua betri ya volti 9 na transista ya PNP. Emita iende kwenye chanya ya betri. Kolekta iende kwenye hasi kupitia rezista ya ohm 2,400 iliyofuatana na ya ohm 68, jumla takriban ohm 2,470. Pima volti juu ya rezista hizo wakati besi haijaunganishwa na kitu: huo ni uvujaji. Kisha unganisha besi na hasi ya betri kupitia rezista ya megaohm 2.2, ambayo itavuta mikroampea 4 kutoka kwenye besi, usome tena. Tuseme umesoma volti 0.5 mwanzo na volti 1.3 baadaye. Uvujaji ni kama mikroampea 200, na ukuzaji halisi unatokana na tofauti ya volti 0.8, yaani karibu 80. Anayesoma namba ya pili pekee angesema ni 130. Tofauti kati ya 80 na 130 ndiyo tofauti kati ya kuchagua jozi nzuri ya transista za mwisho na kuchagua jozi itakayopotosha sauti.

Transista za familia ya AF114 hadi AF117 zina ugonjwa wao wa pekee. Ndani ya kopo lake la chuma huota nyuzi nyembamba za bati zinazofika kwenye viunganishi na kuvishikanisha na kopo. Kila moja ina miguu minne, na mmoja ni wa kinga uliounganishwa na kopo. Kipima vipuri cha miguu mitatu hakiutazami mguu huo, kwa hiyo kinaweza kuisifu transista ambayo redioni haifanyi kazi. Multimita yoyote, ya mshale au ya dijitali, huupata ugonjwa huo kwa kupima ohm kati ya mguu wa kinga na mingine mitatu: pasiwe na mawasiliano kabisa. Ukiyakuta, kata mguu wa kinga pekee, na mara nyingi redio hurudi kuimba.

Mahali ambapo mita ya mshale bado inashinda, na mahali inapoua

Karatasi nyingi za ufundi za redio za Uingereza ziliandikwa kwa volti zilizosomwa na mita za mshale, hasa AVO Model 8 iliyotoka mwaka 1951 yenye ohm 20,000 kwa kila volti. Mita hizo huvuta mkondo kidogo kutoka kwenye saketi, na volti zilizoandikwa zimepungua kwa sababu hiyo. Anayepima kwa dijitali ya megaohm 10 ataona volti za juu kidogo kuliko za karatasi kwenye anodi na skrini (gridi ya pili ya valvu) zenye rezista kubwa, na anaweza kuanza kutafuta ubovu usiokuwapo. YX-360 nyingi nazo zina ohm 20,000 kwa volti upande wa DC, kwa hiyo zinalingana na karatasi hizo. Potenshometa ya sauti inayokwaruza pia huonekana vizuri zaidi kwa mshale kuliko kwa namba zinazorukaruka.

Lakini mita hiyohiyo kwenye kiwango cha ohm ×1 inaweza kusukuma zaidi ya miliampea 100. Valvu za betri kama DK96, DF96 na DAF96 zina filamenti za miliampea 25. Kuzipima filamenti kwa kiwango hicho ni kuzikata, na valvu iliyokuwa nzima inakufa mkononi mwa fundi. Hapo tumia dijitali, ambayo mkondo wake wa ohm ni mdogo. Kumbuka pia kwamba katika mita nyingi za mshale waya mweusi ndio wenye chanya ya betri ya ndani wakati wa kupima ohm, kinyume cha dijitali, na asiyejua hilo ataiita PNP kuwa NPN.

Rezista za kaboni hazina mgogoro: dijitali inatosha, na iliyopanda zaidi ya asilimia 20 ibadilishwe. Valvu zenyewe sizinunulii kipima valvu. Volti juu ya rezista ya kathodi ya EL84, karibu 7 kwenye rezista ya takriban ohm 135, zinaniambia hali yake ikiwa kazini.

Uamuzi kwa mfuko wa kila mmoja

Anayeweza kununua kifaa kimoja tu anunue multimita ya dijitali yenye ukinzani wa megaohm 10, iliyotengenezwa kuhimili volti 600 kwa usalama, na yenye nyaya zilizofunikwa vizuri. Kwa hiyo atapima uvujaji wa kapasita, ukuzaji wa gerimani, rezista na kathodi, yaani karibu kila kitu kilichoelezwa hapa. Ni afadhali mita nzuri moja kuliko mbili hafifu, kwa sababu nyaya hafifu kwenye volti 300 ni hatari kwa uhai.

Cha pili kinategemea kazi. Anayefufua redio za transista na kuchambua makopo ya vipuri visivyo na majina achukue kipima vipuri kwa kuwa ni rahisi, naye ataridhika na ESR yake. Fundi anayepokea redio nyingi za wateja achukue mita ya ESR ya kweli, maana kupima bila kung'oa ndiko kunakomlipa. Anayeshughulika na redio za valvu peke yake aviruke vyote viwili, achukue mita ya mshale kwa ajili ya karatasi za zamani, na Megger ya volti 250 akiipata ya mkono wa pili kwa bei nzuri au akiwa na rafiki fundi umeme wa kumuazima.

Kwa yeyote kati yao ningeongeza balbu ya filamenti ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfululizo na redio inayowashwa kwa mara ya kwanza. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima, kwa sababu kuna kitu kimeshikana. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, unaweza kuendelea na vipimo.